Furaha Ameombwa Ajieleze kwa Kutupatia Maji

Baba Furaha,

Nina hasira, na hapa nyumbani hakuna mutu mwingine wa kuielewa. Ni wewe tu.

Mutoto wako Furaha ndiye mwanamuke wa kwanza kushika ufunguo wa pompi pale kwenye kituo cha maji. Sokoni wananiita "Mama Enjenyeri", na siwakatazi hata kidogo!

Lakini tangu tukuzike, wameleta shefu mupya kwenye kiti chako. Kitu cha kwanza alichofuta ni samedi yako, yale mazoezi ya jumamosi. Unakumbuka? Kila samedi mutu wa pompi anashika waya, mutu wa waya anafungua pompi, na wewe unazunguka ukiwachokoza: "Shika, bibi-arusi, haitakuuma!" Shefu anasema ile ilikuwa fujo. Kila mutu na kazi yake moja, ya mwenzake asiiguse.

Sikatai yote. Kwenye kabini ya kura kubwa, ule umeme wa kuua, hata wewe ulikuwa unaita mwenye aliisomea. Lakini waya iliyolegea kwenye boksi ya pompi? Hiyo tu?

Pompi ikakufa, na mwenye waya alikuwa kwenye matanga Kalengera. Siku tatu, Baba Furaha! Kartie nzima, mutaa wote, tulishuka ziwani na mabidoni ya kuchota, mimi na magoti yangu haya, na watu wa pompi wameketi mbele ya boksi wakimungoja. Siku ya tatu Furaha akanikuta njiani nikipanda na maji. Akaenda, akazima kura, akakaza waya, akawasha. Maji yalifika mpaka kwetu.

Asante yake ni barua ya shefu: ajieleze kwa maandishi kwa nini aligusa kazi isiyo yake, la sivyo atafukuzwa. Mutoto wangu!

Mimi niliishia primeri, lakini nilikaa karibu naye akiandika. Alikuwa ameanza na "naomba msamaha." Nikamwambia: "Futa hiyo." Tukaweka: "Niliigusa kwa sababu nilifundishwa. Mutufundishe wote." Lundi, jumatatu hii, atamupelekea shefu.

Kuna kitu sijakuambia. Ile turnevisi yako, bisibisi ya mukono mwekundu, uliomba tukuzike nayo. Sikuiweka kwenye sanduku. Nilimupa Furaha, na ndiyo aliyokaza nayo ile waya. Unisamehe.

Wakimufukuza, nitaketi na bidoni yangu tupu mbele ya mulango wa shefu, na wamama wote wa kartie nyuma yangu. Ninakuahidi. Pumzika, muzee wangu. Turnevisi sitakuletea. Iko kazini.

Mama Furaha