Suruali ya Everline iliyokuwa ndani ya mto

“Mama Everline, kwani kwako siku hizi mwanaume ni huyo binti wa suruali?” Awiti, unakumbuka jirani yetu Mama Kweyu akiniuliza hivyo pale mferejini, 1996? Na Baba Everline alikuwa hata mwaka hajamaliza kaburini!

Basi ile suruali ya binti yangu niliianua mimi. Nikaikatakata, nikaishindilia ndani ya mto wa kochi. Everline nikamwambia imeibiwa kwenye kamba.

Leo ameufumua mto aufue. Awiti, ametoa mfuko wa ile suruali, alioushonea jina lake!

“Mama, nilimwita Mitchelle mwizi mbele ya wapangaji wote wa ploti. Rafiki yangu! Na wewe ulikuwa umesimama pale.”

Nilikuwa nimesimama pale, Awiti. Mungu aliniona.

Nami leo nimevaa suruali, ile ya baridi aliyoninunulia yeye.

Akaitazama. Akachukua mkoba, akatoka.