Faili Mgongoni mwa Furaha

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na barabara ya Keshero imekuwa tope jeusi tupu.

Leo nimetamani kuua mtu. Naliandika kama lilivyo, maana nikilipamba nitakuwa najidanganya. Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda cha hospitali, namtazama Furaha, na moyoni namvunja mtu mikono, kwanza mmoja, halafu wa pili. Mtu mwenyewe simjui hata sura.

Ngoja nianze ilipoanzia.

Kiwanda chetu ni kidogo, na kinatengeneza serum, yale maji ya dripu yanayotundikwa juu ya mgonjwa. Mji huu hauishiwi majeruhi. Kibali chetu cha kuuza kinakwisha mwisho wa mwezi, na kikiisha, hospitali haziruhusiwi kununua kwetu hata chupa moja. Ofisi ya dawa ya Kinshasa siku hizi haipokei makaratasi. Inataka faili la kielektroniki: mamia ya kurasa, kila moja mahali pake, kila kiungo kifunguke unapokigusa. Ukikosea mpangilio, mfumo unakurudishia kabla binadamu hajasoma neno.

Mimi ni mfamasia wa kiwanda. Furaha ndiye anayezipanga hizo kurasa. Wiki iliyopita Papa Sadiki, mwenye kiwanda, mfanyabiashara wa asili ya Maniema asiyependa kelele, alisema kazi hiyo tuipe kampuni moja ya Nairobi. Wao wanafanya hiyo tu mwaka mzima. Wana umeme, wana intaneti, na hakuna anayewapiga risasi.

Nilikataa. Nilipiga meza hadi glasi ya chai ikaruka na kupasuka. Nilisema watu wa Nairobi hawaijui serum yetu, hawajui maji yetu tunayachuja vipi, watapachika kurasa bila kuelewa wanachopachika. Nilisema faili letu halitoki nje ya nyumba. Papa Sadiki aliinama, akaokota vipande vya glasi mwenyewe, akasema haya, mama, fanyeni ninyi. Furaha alikuwepo. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nilitoka pale kichwa kimenivimba. Nilikuwa nimeshinda.

Lakini "ndani ya nyumba" katika mji huu ni wapi? Kiwanda kilishaporwa. Walibeba skana ya kuingizia karatasi kwenye kompyuta, wakabeba hadi vitasa vya milango. Tangu siku hiyo hatuachi kompyuta ofisini. Unaondoka nayo jioni, unarudi nayo asubuhi. Wanaume wanaificha chini ya magunia ya makaa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Sisi wanawake tunaifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Siku Furaha alipoifunga mara ya kwanza tulicheka mpaka machozi, tukamwuliza mtoto anaitwa nani.

Furaha anakaa Mugunga. Jana jioni mvua ilimkuta kwenye kizuizi cha waasi, barabara ya Sake. Kwenye mstari kulikuwa na wanawake wengi wenye watoto mgongoni, na watoto wote walikuwa wanalia kwa baridi. Wake alikuwa kimya. Tena, kwa kuogopa maji yasiingie kwenye kompyuta, alikuwa amemfunika "mtoto" kwa plastiki kuanzia chini hadi juu, hakuacha hata pa kupumulia. Hakuna mama anayemfunika mtoto hivyo.

Mwenye bunduki mmoja akaliona hilo. Mwanzoni hakuwa na ubaya, na ndiyo sehemu inayonitia wazimu. Alidhani anaokoa roho.

"Mama, mutoto atakufa humo ndani," alimwambia, na akaivuta plastiki.

Walipoona ni kompyuta, walimlazimisha kuiwasha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno Kinshasa kwa herufi kubwa, na Kinshasa kwao ni serikali wanayopigana nayo. Hawakuhitaji kusoma wa pili. Walimwita mpelelezi, wakampiga kwa kitako cha bunduki mpaka mkono wa kushoto ukavunjika na meno yakatoka. Kompyuta waliiponda kwa mawe ya lava. Mwanamke mmoja wa mstarini alipiga magoti kumwombea, naye akala teke la tumbo. Halafu wakachoka, wakamwacha kwenye tope.

Haya yote nimesimuliwa na huyo mwanamke. Ndiye aliyemfikisha hospitali.

Leo asubuhi, juu ya kichwa cha Furaha, ilikuwa imetundikwa serum yetu. Nilisoma namba ya kibali kwenye lebo na damu ikanichemka. Nikamwinamia, nikamwambia asiogope, kazi yake haiendi Nairobi, nitaipigania tena, nitapiga meza zote za mji huu.

Midomo yake imevimba. Ilimchukua muda kusema.

"Nani alikuambia miye nilikuwa naitaka?"

Niliachia chuma cha kitanda.

"Weye ulikuwa unapiga meza, mama Mwamini. Miye njo nilikuwa nabeba."

Akageukia ukutani.

Sikuwahi kumwuliza.

Nilisema namlindia kazi. Uongo. Nilikuwa nalinda jina langu, nisikie watu wakisema Mwamini ameweza bila wageni. Yule mshenzi wa kizuizini alijali kilichokuwa mgongoni kwa Furaha kabla yangu. Hasira niliyokwenda nayo hospitali nimerudi nayo, ila sasa haijui imwangukie nani, na jioni hii nimeitupa sufuria ukutani, wali umebaki umeganda kwenye rangi.

Nimempigia Papa Sadiki, nimesema wape Nairobi. Hakunisimanga. Tatizo ni kwamba faili limekufa na kompyuta, na skana hatuna. Kampuni itaanza upya kutoka kwenye karatasi za asili, zile zenye saini na mihuri. Dereva wao atazipokea Gisenyi. Lazima mtu avuke nazo mpaka. Papa Sadiki akaanza kutaja jina la msichana mmoja wa kufungasha, kwamba ni mwepesi, hatashukiwa.

Nikamwambia nitapeleka mimi.

Karatasi ziko hapa mezani. Dada yangu ameniletea kitenge, kikubwa, kizuri, anasema nizifunge mgongoni. Nimekikunja, nitampitishia Furaha, wodini kuna baridi. Karatasi nitazishika mkononi, ndani ya mfuko unaoonyesha kilichomo. Wakiniuliza ni nini, nitawaambia ni za yale maji ambayo wenzao nao wametundikiwa. Huenda wakanipisha. Huenda wakanivunja mkono.

Naogopa. Lakini safari hii atakayebeba ni yule aliyepiga meza.