Mabua Yangu na Ng'ombe wa Mzee Chilongani

Jumanne

Basi ile hela ya serikali ya kuhifadhi udongo nitaisikia kwa majirani tu. Mimi, niliyefika mpaka Zambia kujifunza kilimo hicho cha kutunza udongo, niliyewatambia watu kwamba shamba langu ndilo litakalopigwa picha!

Sharti lilikuwa jepesi: ukishavuna, acha mabua yafunike ardhi. Nikayaacha. Halafu akaja Mzee Chilongani na ng'ombe wake, mbavu nje. Tangu enzi za baba, kiangazi tunawafungulia wafugaji mashamba, mifugo ile mabua. Nikamwambia, "Ingiza tu, mzee wangu."

Leo bwana shamba kakuta ardhi tupu na mavi ya ng'ombe. Akaninong'oneza, "Sema waliingia bila ruhusa. Yeye apigwe faini, wewe ulipwe."

Mzee kasimama pale pale, kofia mkononi.

"Niliwaingiza mwenyewe," nikasema.

"Kumbe wewe tajiri, mjomba!" bwana shamba akanicheka.

Tajiri! Bati la jikoni linavuja na mke wangu nilishamwahidi jipya kabla ya mvua. Hajanisemesha tangu mchana. Nimekasirika hata ugali haupiti.

Na huyo mzee, badala ya kushukuru, kaniuliza kama kesho ng'ombe wake wanaweza kumalizia mabua yaliyobaki upande wa bondeni.

Nimemwambia awalete mapema, jua likiwa bado dogo.