Binti yangu amenikataza kuingia kongamanoni bila mtu niliyemnunia

Agneta wangu ameitisha kongamano! Kisumu nzima inakuja, Wahindi wa madukani, Wakikuyu wa viazi, vijana wa Manyatta, watu wa ufuoni, na wenye suti wengine wanatoka mpaka Nairobi, na aliyewaita wote hao ni huyu huyu niliyemzaa mimi, nikamlea kwa moshi wa samaki hapa Otonglo, mpaka siku moja mwalimu wake akaniambia, "Mama, huyu mtoto anauliza maswali sana," nami nikamjibu, "Na bado."

Haya, sasa salamu. Mpendwa mshauri, hujambo wewe na wa kwako? Naomba unisaidie kwa sababu roho yangu imekwama kama mwiba wa samaki ngege kooni. Gazeti lenu nalipenda. Kurasa zingine nafungia wateja samaki, lakini wako huwa naukata kwanza, naweka.

Jambo lenyewe ni hivi. Hili kongamano ni la mawazo. Si harambee, si siasa, si krusedi, ingawa mimi mwanzo nilidhani ni krusedi nikauliza kwaya ya kwetu itaimba saa ngapi. Agneta akanieleza pole pole, maana ana subira, hiyo amenirithi mimi. Akasema, "Mama, hapa Kisumu tunauziana vitu kutwa nzima lakini hatuambiani tunachofikiria. Kila mtu anajua bei ya mwenzake tu." Kwa hiyo watu wachache watasimama, kila mmoja na wazo lake moja, afupishe. Manjit, yule Kalasinga wa duka la vyuma hapa kwetu, atasema juu ya mtaro wa maji machafu unaopita nyuma ya nyumba za watu wote bila kuuliza mtu dini wala kabila. Kijana wa boda wa Manyatta atasema lake. Halafu watu wanakaa wawili wawili, unamsikiliza mwenzako mpaka amalize, ndipo unasimama useme wazo lake yeye, si lako, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba hapo umemsema sawasawa. Nikamwambia, "Nyathina, mwanangu, hiyo ni ngumu, mimi hata langu sijawahi kumaliza kusema." Akacheka sana, mtoto wangu ana meno mazuri.

Mshauri, mimi ni mama, nikatangaza. Nilitangaza kanisani, nikatangaza sokoni, nikashona kitenge, na kila aliyekuja kununua samaki nilimwambia nitakaa kiti cha mbele kabisa. Ndipo Agneta akaniletea sheria ya mlangoni. Ati hakuna kuingia peke yako, wala na rafiki. Kila mtu aje na mtu ambaye walikuwa wakizungumza naye, wakaacha.

Nikasema hiyo ni rahisi, nitakuja na Nabututu anayeuza ndizi kando yangu, yeye ni Mbukusu mimi ni Mjaluo, makabila mawili hayo. Akasema, "Mama, si kabila. Nabututu mnaongea mpaka mnasahau wateja." Basi tukakaa na Nabututu tukapatana tununiane mpaka kongamano lifike. Asubuhi tulianza vizuri, nilimpita bila salamu naye akaangalia juu kama mtu anayesubiri mvua. Lakini kabla ya chakula cha mchana akaja mama mmoja amevaa wigi, mbele imekaa nyuma, nikamtazama Nabututu, Nabututu akanitazama, basi, tulicheka mpaka ndizi zikaanguka. Agneta akasikia habari akaniambia, "Mama, huko si kununiana, huo ni mchezo wa kuigiza." Kisha akauliza, "Na Mama Shiku je?"

Hapo ndipo mwiba ulipo.

Mama Shiku jina lake ni Wangu, ana duka la viazi na vitunguu ng'ambo ya barabara mkabala na kibanda changu. Zamani akienda kuchukua mzigo aliniachia mimi ufunguo wa duka, na mimi nikienda Ogal kuchukua samaki nilimwachia wangu. Hapa sokoni hatuandikiani mikataba, mshauri. Mtu akikuachia ufunguo, hiyo ndiyo karatasi. Shiku wake amelala kwangu, Agneta wangu amekula githeri yake mpaka akajua kuisifu kwa Kikuyu.

Halafu ukaja ule uchaguzi wa kelele nyingi. Watu wakaanza kusafiri makwao, kimya kimya. Asubuhi moja nikafika, nikakuta duka la Wangu limefungwa, mwenyewe amekwenda Nyahururu, na ufunguo amempa Manjit. Manjit! Mtu ambaye salamu yake kwa Wangu ilikuwa ni kuuliza bei ya vitunguu. Wasichana wa hapo wakaniuliza, "Mama Agneta, kwani hakukuachia wewe?" Nilihisi nimepigwa kofi mbele ya soko. Kwani mimi ningefanya nini na duka lake? Nikajua amenihesabu pamoja na wale wa kurusha mawe.

Aliporudi alivuka barabara, akasema, "Habari yako, Mama Agneta." Mimi nikageuza samaki ambaye hata upande wa kwanza hakuwa ameiva. Yeye akasimama, akasimama, akarudi kwake. Tangu siku hiyo moshi wangu unakwenda kwake, vumbi la viazi vyake linakuja kwangu, na hayo ndiyo mawasiliano yetu.

Sasa nikienda kumwita akanigeuzia mgongo mbele ya wateja, uso wangu nitauweka wapi? Na nisipokwenda, Agneta ameapa atasimama mlangoni yeye mwenyewe, na anasema akinipitisha mimi kwa sababu ni mama yake, basi kila mtu ataleta mama yake. Mshauri, wewe ni mtu wa gazeti, mwandikie mistari miwili anipe ruhusa. Mama aliyebeba mtoto mgongoni anazuiwaje mlangoni na mtoto huyo huyo?

Ni mimi mwenye uchungu na furaha,
Mama Agneta, Otonglo (lakini ni nyar Kisian, binti wa Kisian, uliza yeyote)

MSHAURI ANAJIBU

Mama Agneta, hongera kwa binti. Nimeanza na hilo kwa sababu nadhani usingesoma mengine.

Ruhusa sitakuombea. Ungetafuta hasimu wa kukodi ningekuelewa, lakini kununiana na Nabututu kwa mapatano! Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka, nisikilize.

Wewe ulitaka kongamano la kupatanisha watu wengine, wewe ukiwa kiti cha mbele na kitenge kipya, ukipiga makofi. Binti yako ni mwerevu kuliko hapo. Wazo zuri likisemwa mbele ya watu ambao tayari wanakubaliana, hiyo ni kwaya tu, na kwaya unayo kanisani. Usidhani pia kwamba asubuhi moja ya kukaa wawili wawili itafuta chaguzi zote tulizopitia. Haitafuta. Inachoweza ni kumpa mtu mahali pa kuuliza swali ambalo sokoni, kati ya mteja na mteja, alikosa pa kuliulizia. Wewe unalo hilo swali. Limekaa karaini kwako tangu uchaguzi ule, limeungua, na bado hujaligeuza.

Umeniandikia kwamba Wangu alikuhesabu pamoja na watu wa mawe. Nani alikuambia? Yeye hakusema, na wewe hukuuliza. Umemsomea moyo kupitia mlango uliofungwa. Hebu nikupe wazo lingine uliweke kando ya hilo lako. Siku zile, vijana wakitaka kuvunja duka, swali lao la kwanza ni ufunguo uko kwa nani. Kwa Manjit kuna geti la chuma na mlinzi. Kwako kuna karai na mafuta. Labda Wangu alikuogopa. Labda hakutaka waje kubisha kwako usiku, wewe na Agneta, wakidai ufunguo wa Mkikuyu. Mimi sijui ni lipi. Wewe pia hujui, na huko kutojua ndiko kunakokuuma, mama, si ule ufunguo.

Ninachokijua ni kile ulichokiandika kwa mkono wako: aliporudi, alivuka barabara. Yeye ndiye aliyekuwa ametoka mbali, yeye ndiye aliyekuwa na hofu, na yeye ndiye aliyesalimia kwanza. Ukampa mgongo, wewe na samaki wako mbichi. Leo unauliza akikupa mgongo uso utauweka wapi. Uweke pale pale alipouweka yeye wake.

Sasa fanya hivi. Alhamisi asubuhi, kabla wateja hawajajaa, vuka barabara. Nenda peke yako, Nabututu abaki na ndizi zake. Usibebe ngege mkubwa wa kumlainisha. Usivae kile kitenge. Usianze na habari za Agneta; najua hapo nakuomba kitu kizito. Msalimie, kisha umuulize, "Mama Shiku, mbona ufunguo ulimpa Manjit?" Halafu unyamaze. Akikaa kimya, nyamaza naye. Akilia, nyamaza. Akisema, msikilize mpaka mwisho hata kama samaki wanaungua ng'ambo, kisha urudie alichosema kwa maneno yako mpaka yeye aseme, "Ndiyo, ni hivyo." Ukiweza hilo, kongamano utakuwa umelifanya tayari, hapo kwenye magunia ya viazi.

Akikataa kuongea, usimlaumu. Yeye alisubiri salamu yako muda mrefu, na wewe unaweza kusubiri yake. Ijumaa msalimie tena. Na Ijumaa hiyo hiyo, ukienda Ogal kuchukua samaki, mpelekee ufunguo wa kibanda chako. Usieleze, usihubiri. Mwambie tu, "Mama Shiku, nishikie, nitarudi," uende zako. Wewe mwenyewe umesema hapo kwenu hiyo ndiyo karatasi. Basi andika wewe kwanza.

Iwapo hata baada ya hayo hatakuja, usimsumbue Agneta na ubeba-mtoto-mgongoni. Kaa nje, uwamiminie wageni chai, na umwache mtoto alinde mlango aliojenga. Hilo nalo ni jambo la kujivunia, na kujivunia unakujua.

Wasomaji wengine mliokuwa mnamcheka Mama Agneta, acheni. Kila mmoja wenu ana duka la ng'ambo. Mimi pia. Yule mwenzangu wa meza ya pili ni wa ukurasa wa michezo. Tulikosana juu ya mpira, na alipokuja juzi kuuliza nacheka nini, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ligi ianze. Nilimwonyesha barua yako. Nimemwomba tuje pamoja, na amesema atafikiria baada ya mechi.

Mlango utakuwa wazi pale ukumbini Manyatta, na Agneta atakuwa amesimama hapo. Njooni wawili wawili, Jumamosi hii, saa tatu asubuhi.