Titani, Mfupa na Sikio la Kushoto la Mama Mshonaji

KAMATI YA UPASUAJI WA MASIKIO
Kikao cha 6, Jumatano, chumba cha kupimia usikivu (ukumbi ulikuwa na semina)

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti; Daktari wa Titani na Daktari wa Mfupa (majina haya walibandikana wenyewe, Katibu hahusiki); Mama Mshonaji, mwakilishi wa wagonjwa; Katibu, mpima usikivu.
ASIYEHUDHURIA: Mtunza stoo, bila taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa 8:25 mchana badala ya saa 8:00, kwa kuwa madaktari wawili walisimama mlangoni kila mmoja akingoja mwenzake atangulie.

KUMB. NA. 2/6: KIFAA CHA KUZIBA PENGO LA VIFUPA VYA SIKIO
Daktari wa Titani alieleza kwamba kijiti cha metali ya titani ni chepesi na hupitisha sauti nyembamba vizuri. Daktari wa Mfupa alijibu kwamba kisipofunikwa kwa gegedu hutoboa ngoma ya sikio kikatoka, ilhali kifupa cha mgonjwa mwenyewe, kikichongwa, mwili haukikatai. Aliulizwa: na ugonjwa ukikila? Alisema mchagua jembe si mkulima. Mwenyekiti aliagiza methali zikome.

KUMB. NA. 3/6: SIKIO LA KUSHOTO
Kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, madaktari hao walikubaliana. Sikio la kulia la Mama Mshonaji lina titani tangu mwaka jana. La kushoto likiwekwa mfupa, ulinganisho utafanyika ndani ya kichwa kimoja. Walipongezana. Mwenyewe alikuwa hajaulizwa.

Mwenyekiti alimuuliza la kulia linaendeleaje.

"Linasikia mno. Nasikia friji, bomba la jirani, hata uzi ukipita kwenye kitambaa."

Daktari wa Titani aliomba hilo la uzi liandikwe. Limeandikwa.

"Basi Mama, la kushoto tuanze lini?" aliuliza Daktari wa Mfupa.

"Hilo niachieni, wanangu."

Alieleza kwamba anaishi peke yake tangu mwanawe wa pekee aondoke kwa hasira, miaka sita sasa.

"Zamani nilijiambia, huenda anakuja, anabisha hodi, mimi ndiye sisikii, anarudi zake. Sasa nimesikia mwaka mzima. Habishi mtu."

Daktari wa Titani alisema kwa upole kwamba hilo si kosa la kifaa. Mama alikubali kwamba si kosa la kifaa.

"Ila nikilala, nalalia hili la kulia. Hili lingine likibaki hivi hivi, asubuhi bado naweza kusema labda alikuja."

Katibu aliumia, na anaomba hilo lisifutwe.

KUMB. NA. 4/6: UAMUZI
Iliamuliwa sikio la kushoto lisiguswe. Kwenye fomu ya sikio la kulia, safu ya matokeo, Daktari wa Titani alipendekeza "amepona". Hakuna aliyeunga mkono, naye hakurudia. Katibu aliandika: "Anasikia."

Wajumbe walitawanyika saa 9:40 alasiri, Mama Mshonaji akiwa wa mwisho.

Mwenyekiti ....................
Katibu ....................