Ukurasa wa Tisa

Pacha wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, pacha wako wa dawati, na naomba barua hii ikukute mzima wewe, shemeji na watoto, hasa yule mdogo ambaye nasikia ameshaanza kung'oka meno na anaringia pengo lake. Mimi sijambo kwa kiasi. Kifua kinanibana asubuhi kwa baridi ya pale bombani ninapouza maji, lakini jua likichomoza kinanyamaza. Mvua za huku zimekwisha, zimetuachia matope na mbu.

Najua umeshangaa kuona bahasha nene hivi, mimi ambaye siku zote nakuandikia nusu ukurasa, na robo yake ni kuilalamikia kalamu. Safari hii kaa kitako. Kama una sufuria jikoni, iipue kwanza.

Barua uliyomwandikia mama yako ilifika wiki tatu zilizopita. Mimi ndiye niliyemsomea, maana macho yake siku hizi hayaoni maandishi madogo, na miwani yake imevunjika mkono mmoja akaufunga kwa uzi. Nitairudia barua hiyo. Lakini wewe umesikia habari za kikundi chetu cha wanawake kwa watu wa mbali, na watu wa mbali wana mkono mzito kwenye chumvi. Wacha nikusimulie tangu mwanzo.

Unakijua kikundi. Wewe mwenyewe uliwahi kuzibua nao mitaro kabla hujaolewa, ukalalamika kucha mwezi mzima. Mwenyekiti bado ni yule mkunga mstaafu, mgongo wake umepinda kidogo lakini ulimi umenyooka vilevile. Mama yako alikuwa mhazini wa vifaa, yaani majembe, ndoo na ule mwavuli mkubwa. Mimi ni katibu, kwa kosa la kuwa na mwandiko mzuri.

Mwaka jana mwishoni baraza la mji likatangaza kwamba chumba cha kujifungulia pale zahanati kitafungwa, kigeuzwe stoo. Unakikumbuka chumba kile: vitanda viwili, dirisha moja, na aproni ya plastiki iliyotundikwa kwenye msumari. Nusu ya mtaa huu imezaliwa mle. Tukaambiwa wajawazito waende hospitali kubwa, ng'ambo ya mto, kana kwamba uchungu wa kuzaa unasubiri mtu apate gari.

Tulichachamaa, Pacha. Tulichora mabango kwenye maboksi ya sabuni. Yule muuza samaki tunayemwita Spika alipita mtaa kwa mtaa akitangaza kwa mdomo mtupu, na hakuna aliyedai hakusikia. Mwanamume mmoja alitoka nje akamuuliza chumba hicho kinamhusu nini yeye, ana watoto wakubwa. Spika akamjibu akamuulize mama yake alimzalia wapi, kama si mle basi labda aliokotwa sokoni. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nakwambia hili ujue kwamba kulikuwa na siku za raha pia.

Baraza likasema tulete pingamizi lenye majina ya wanawake mia sita, wakazi wa hapa, kabla ya Ijumaa moja saa sita mchana. Ndipo mkunga akaweka utaratibu. Wote tuweke dole gumba, hata wanaojua kuandika, ili asiwepo mtu wa kujiona mdogo mbele ya karatasi. Na kila ukurasa uende na watu wawili, mwandishi na mshika wino. Mwandishi anaandika jina. Mshika wino anaushika mkono wa mwenye jina, analichovya dole kwenye pedi, analigandamiza penye nafasi. Ukurasa ukijaa, anayetia sahihi chini ni mshika wino, si mwandishi. Mkunga alisema mwandishi anaweza kuandika majina hata akiwa ameketi kitandani kwake, kwa hiyo wa kuapa lazima awe yule aliyeshika mikono ya watu.

Mimi nilikuwa mwandishi. Mshika wino wangu alikuwa mama yako. Asubuhi alishona kwenye cherehani zake, mchana akafunga, tukaondoka na pedi ya wino ndani ya mfuko wa vifungo. Kila mwanamke, mama yako alimfuta dole kwa kipande cha kitambaa na kumuuliza habari za mgongo au za mtoto. Tulichelewa sana kwa ajili ya maswali yake. Nilimwambia kwa mwendo huo tutamaliza wajukuu wakiwa wameshaolewa, akanijibu kwamba mkono wa mtu haushikwi kimyakimya.

Jumatano tulikuwa na watu mia tano sitini na wawili. Ulibaki mtaa mmoja tu, ule wa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Wanawake wa kule wote walishatuahidi. Alhamisi mama akaamka na homa, na mvua ikamwagika kutwa nzima. Ijumaa asubuhi ukurasa wa tisa ulikuwa na majina thelathini na manane, na sahihi ya mama yako chini. Tukapeleka. Hapo nimeruka kitu, Pacha. Nakijua nilichokiruka.

Baada ya wiki mbili tukaitwa ukumbini. Afisa wa baraza alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Akaupekua mkoba wake, akatoa ukurasa wa tisa, akauinua juu tuuone sote. Akasema haihitaji mtaalamu kujua kwamba madole yote yale ni dole moja, maana kila alama ina mstari uleule wa mshazari katikati. Akasema karatasi moja ikiwa ya uongo, zote tisa anazitilia shaka. Halafu akaongeza jambo ambalo hadi leo linanikosesha usingizi. Akasema tungepeleka watu mia tano sitini na wawili tukaomba muda kwa sababu ya mvua, angetupa wiki mbili bila neno.

Mkunga akasoma sahihi. Akamgeukia mama yako, akamuuliza kama ni yake. Mama akaomba karatasi. Akaisogeza hadi karibu na pua, akaitazama kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akaishusha akasema sahihi ni yake. Spika akapaza sauti kwamba basi atoe dole lake lilinganishwe. Mama akafumbata mikono yote miwili, vidole gumba vimo ndani, akaziweka ngumi hizo mapajani. Ukumbi mzima ukaelewa ulivyoelewa.

Mkunga hakumtukana. Alimwomba arudishe funguo za stoo ya vifaa. Mama akazifungua kutoka kwenye pindo la nguo yake, akazirudisha, akatoka. Mimi nilibaki nimekaa pale na daftari langu la katibu, nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba funguo zimepokelewa.

Chumba kilifungwa mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Vitanda vilitolewa nje vikakaa siku tatu kwenye mvua. Na mwezi huohuo mke wa kinyozi, yule mwembamba mcheshi, alishikwa na uchungu saa tano asubuhi. Wakamweka nyuma ya gari la mkaa kumpeleka ng'ambo. Darajani palikuwa na foleni. Mtoto alizaliwa juu ya magunia, wa kike, na hakulia. Nasikia mama mtu aliendelea kumpapasa mgongo mpaka hospitali, akimwambia alie.

Jina la mke wa kinyozi lilikuwa kwenye ukurasa wa tisa, mstari wa kumi na saba.

Tangu siku hiyo mama yako hana mteja. Kinyozi akimwona anavuka barabara. Sare za shule zinashonwa mtaa wa pili. Cherehani amezifunika kwa shuka, ameketi mlangoni anafumua nguo zake mwenyewe na kuzishona upya ili mikono isikae bure. Mimi humpelekea maji kila jioni. Hunipokea vizuri, hunipa kigoda, huniuliza kifua changu. Siku moja nilitaka kulisema, nikaishia kumuuliza bei ya uzi. Akanitazama, akaniambia yeye alitia sahihi kitu ambacho hakukiona, na kosa hilo ni lake, hatamtwisha mtu mwingine. La kwako ni lako, akasema, utalitua siku utakayoweza. Kisha akanipa sindano nimtungie uzi.

Sasa narudi kwenye barua yako. Aliniita kwa furaha siku ile, akaniambia bahasha ina harufu ya nyumba yako. Nikaifungua nikaanza kusoma kwa sauti, salamu zote, habari za meno ya mtoto, akicheka. Kisha nikafika pale ulipomwuliza kwa nini alifanya vile, ulipoandika kwamba umeona haya mbele ya wakwe zako, na kwamba mwaka huu huji na watoto, wasije wakaitwa wajukuu wa mama wa madole. Niliyaona maneno hayo kabla sijayafikia kwa mdomo. Ningeweza kuyaruka, Pacha. Nilishazoea kuruka. Lakini alikuwa amenishika mkono, nikashindwa kumdanganya mara ya pili. Nikamsomea yote. Akaniomba nirudie pale pa meno ya mtoto.

Halafu akanituma nikuandikie majibu. Ile barua fupi uliyoipata, iliyosema mama yako hajambo, usijali, walee watoto vizuri, ni yeye aliyenitajia neno kwa neno. Mwandiko umeutambua, ni wangu. Nilimwuliza kama hana la kuongeza juu ya lile ulilomwuliza. Akasema hana.

Basi naliongeza mimi.

Siku ile ya Alhamisi sikwenda nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mvua ilikuwa kubwa na nilikuwa nimechoka, hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine iliyo nzuri zaidi. Majina ya wanawake wa kule ninayo kwenye daftari la bomba. Niliketi kitandani kwangu, nikayanakili, na kila nikimaliza jina nikachovya dole langu nikaligandamiza. Nilijiambia wote wameshakubali kwa mdomo, kwa hiyo simwibii mtu kitu. Mara thelathini na nane. Jioni nikampelekea mama yako ukurasa kitandani kwake. Alikuwa na homa, hana miwani. Akaniuliza kama nilipata mtu wa kunishikia wino. Nikasema ndiyo, Spika, ila ukurasa ni wetu sisi wawili, sahihi iwe yake. Akaniuliza kama mke wa kinyozi hajambo na mimba yake. Nikasema hajambo, anakusalimu. Akatia sahihi.

Pale ukumbini, alipoisogeza karatasi puani, alilitambua dole lile. Alikuwa na haki ya kulitambua. Utakumbuka tulipokuwa na miaka tisa, tukikata boksi kutengeneza kitanda cha mwanasesere, na wembe ulikuwa mkononi mwako uliponikata dole gumba. Mama yako ndiye aliyenifunga dole kwa kipande cha kitambaa cha maua, akalifungua na kulisafisha kila asubuhi wiki mbili, ili mama yangu asijue akakuchapa. Kovu lile la mshazari alililea yeye. Ndiyo maana alificha madole yake. Yangeonekana hayana mstari, na watu wangeanza kutafuta lenye mstari lilipo. Na mimi, Pacha, nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake, na langu nimelificha chini ya daftari.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje na watoto. Njoo wakuone watu unaingia kwa mama yako mchana kweupe, umemshika mkono.

Nimemwandikia mkunga barua kama hii, nitampa mkononi kesho. Jumamosi saa kumi kuna mkutano, nitasimama niseme mbele ya Spika, mbele ya kinyozi na mkewe kama watakuja. Sijui watanifanya nini. Kwa yule mke sijui hata nitaanzia wapi, maana sina la kumpa. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu najijua. Barua hii ikishaondoka posta, hata nikiingiwa na woga siku ya Jumamosi, wewe utakuwa unajua, na sitakuwa tena na pa kujificha.

Msalimie shemeji, umwambie mkwe wake ni mtu safi. Wabusu watoto, na huyo mwenye pengo mwambie bibi yake alitaka lisomwe mara mbili. Mama hajui kwamba nakuandikia. Anakusalimu hata hivyo, kila siku anakusalimu.

Ni mimi, niliyekuwa mwenzako wa dawati moja,

Pacha

Doa hili la wino hapa chini si uchafu wa posta. Nimeligandamiza taratibu ili mstari uonekane vizuri. Lipeleke karibu na macho kama alivyofanya mama yako, nawe utalijua.