Mke wa Chairman na Baiskeli ya Supamaketi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimechelewa kazini tena. Tena! Nilivaa viatu kabla jua halijatoka, nikaketi mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Mume wangu Hillary yuko sokoni na pikipiki, anabeba wateja. Nikimpigia simu: "Nakuja, Mama Shantel. Namshusha mmoja tu." Huyo mmoja alikuwa na mwenzake, na mwenzake alikuwa na magunia.

Kule lodge ninakofua shuka, bosi wangu Immaculate alikuwa amesimama mlango wa dobi. Yeye hapigi kelele, na huo ndio ubaya wake. Kasema ile nafasi ya kusimamia dobi amempa mwingine. Ati kazi naijua kuliko wote, lakini shuka za wageni haziwezi kungoja pikipiki ya mume wangu. Nikiendelea hivi, hatakuwa na neno la kunitetea.

Nimeolewa na chairman wa stage ya bodaboda hapa Kaloleni! Pikipiki zote zile ziko chini yake na hakuna inayonibeba. Vijana wake hawathubutu – ati bibi ya Chair habebwi na mtu mwingine, ni heshima. Na matatu haziendi ile barabara ya Ndara ya kwenda lodge. Kwa hivyo heshima yao ndiyo imenikosesha cheo.

Sijalia. Nimefua shuka za watu mpaka vidole vimekunjamana, lakini sijalia.

Jumamosi, 6 Septemba

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama imefika leo. Wenzangu wanauliza, utanunua friji? Nikasema mtaona.

Baiskeli yenyewe ilikuwa supamaketi, katikati ya beseni za plastiki na magodoro. Nyekundu. Imeandikwa Kiingereza cha kutisha kwa fremu, kama pikipiki ya sinema. Muuzaji akauliza, "Ni ya mtoto, mama?"

"Ni yangu."

"Ya kupeana zawadi?"

"Ya kupanda!"

Akaifunga na spana moja huku anaangalia simu. Nikaisukuma mpaka nyuma ya posta, nikapanda. Mara ya mwisho nilikuwa darasa la saba, baiskeli ya kaka yangu, mlima wa kwetu Mghange, na breki ilikuwa kisigino. Mwili haujasahau! Ila kila nikikata kona gurudumu la mbele linanigonga kiatu. Nikaanguka mbele ya kibanda cha viazi. Nikainuka. Nikapanda tena.

Kufika nyumbani lazima upite stage. Nikapita. Walinyamaza kwanza – halafu kicheko! Bravin, yule mwenye domo, akapaza sauti: "Chair, kwani umeshindwa kubeba bibi?" Wote wakacheka isipokuwa Hillary.

Jioni akasema neno moja. "Rudisha."

Nikamwambia risiti nimetupa. Uongo. Iko ndani ya Biblia.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefika kazini kabla ya Immaculate!! Ameingia akanikuta nimeshawasha mashine. Akaangalia saa, akaniangalia, akaangalia saa tena.

Makalio siyahisi. Kile kiti ni jiwe lililovishwa plastiki. Gia ni nyingi kwa maandishi, lakini zinazofanya kazi ni moja na nusu.

Wakati wa kurudi pedo ya kushoto, pale pa kukanyagia, ikavunjika. Krak! – kama biskuti. Nimesukuma njia yote, jua la Voi kichwani. Pale stage mmoja akauliza kama wanipigie ambulensi. Nikainua ile pedo juu, nikaipunga kama bendera. Wapige picha wakitaka.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeipeleka kwa Mulinge, fundi wa baiskeli karibu na reli. Alicheka mpaka akakaa chini. Ati hii ni ya kuangalia, si ya kupanda. Halafu akaita majirani waje waone: ile fok, uma unaoshika gurudumu la mbele, ilifungwa nyuma-mbele! Ndiyo maana gurudumu lilikuwa linanigonga. Wakaja, wakasimama. Nikauliza kama niwatoze kiingilio.

Mulinge anasema niiuze kama chuma chakavu. Nikamwambia, "Sikuja kuuliza bei ya chuma." Akageuza fok. Akaweka pedo za chuma na kiti cha springi kilichotoka kwa baiskeli ya zamani ya Blackmamba. Kwa hasira zake akakaza nati moja mpaka ikakatika, akataka nilipie mimi. Thubutu! Amelipa mwenyewe. Akaapa breki ziko sawa kabisa.

Kile kiti ni kikuukuu, kimechubuka, kina sura ya ng'ombe. Lakini ukikalia – ah! Kiti cha mfalme.

Jumatatu, 15 Septemba

Miiba! Ile njia ya Ndara imepandwa miiba kama mahindi. Nimeziba panchari mpaka sasa nafanya bila kuangalia – beseni la maji, tyubu, povu, kiraka. Leo nimekata tyubu kuukuu, nikazilaza ndani ya tairi ziwe kama ngozi ya pili. Mwiba ukitaka kupita upite mbili.

Hillary alinikuta uani, grisi mpaka kwa kiwiko. Akasema watu wanamuuliza kama pikipiki imechukuliwa na benki. Akasema, "Ningekuwa mlevi wangenicheka kidogo kuliko hivi."

Nikamwambia waache wacheke, kicheko hakitoboi tairi.

Kweli alikuwa ameumia, niliona. Kidogo nimwonee huruma. Halafu nikakumbuka uso wa Immaculate pale mlango wa dobi, nikaendelea kukaza nati.

Alhamisi, 18 Septemba

Hili naliandika hapa tu. Sitamwambia mtu.

Jioni, nikitoka kazini, ile kona iliyo na vichaka pande zote mbili. Pikipiki huwa inasikika mbali, ndovu wanajua unakuja. Baiskeli haisikiki. Nimekata kona – na mama ndovu yuko katikati ya barabara na mtoto wake! Karibu hivi ningeweza kuhesabu nywele za mkia. Nikakamata breki. Zile breki "sawa kabisa" za Mulinge zikalia kama mbuzi anayechinjwa na hazikushika. Nikaburuta miguu. Yeye akageuka. Masikio yakafunguka kama milango.

Nikasimama. Sikupumua. Nilisema jina la Yesu bila sauti. Vumbi lilikuwa linashuka polepole kati yetu. Akanusa, akamsukuma mtoto na mkonga, wakaingia kichakani. Miti ikasikika ikivunjika mpaka mbali.

Nimeisukuma baiskeli mpaka nje ya vichaka ndipo nikapanda.

Hillary akisikia, ameshinda. Atasema nilikuambia. Kwa hivyo hatasikia. Kesho natafuta breki mpya, na kengele. Kengele kubwa!

Jumapili, 21 Septemba

Asubuhi nimetoka uani – baiskeli haina gurudumu la mbele. Limefunguliwa kwa ustadi, nati zimepangwa vizuri juu ya jiwe. Mwizi gani anapanga nati?

Kanisani Hillary aliimba kwa sauti nzuri sana.

Sikungoja chakula. Nikabeba hiyo baiskeli isiyo na gurudumu begani, na gauni langu la kanisa, mpaka stage. Hillary alikuwa ametangulia. Wako wote kwa kivuli, wananiona nakuja. Hakuna aliyecheka safari hii.

Nikasema, "Baba Shantel, naomba gurudumu langu."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani halipo."

Mzee Francis, yeye ndiye mkubwa wao kwa umri, akawa anaangalia lami kama amedondosha kitu. Nikaiweka baiskeli chini. Nikasimama. Gari moja likapita, likapita lingine. Nikasema, "Nitangoja hapa. Mimi nimezoea kungoja."

Hillary akainuka, akafungua kibanda cha stage, akalitoa. Hakunipa mkononi, aliliegemeza kwa ukuta.

Spana ilikuwa kwa mkoba wangu, kando ya Biblia. Nimelifunga papo hapo. Nati moja ikaanguka, nikaiokota kwa vumbi. Bravin – Bravin mwenye domo! – akaja akashika fremu isiyumbe. Hillary alimwangalia, lakini Bravin hakuiachilia.

Nikapanda na gauni. Nikaenda.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimefika mapema. Nyumbani hatuongei.

Jumamosi, 27 Septemba

Bado hatuongei. Chumvi anaichukua mwenyewe.

Breki mpya nimefunga mimi, si Mulinge. Zinashika! Nikakaa siku nzima na gia pia. Nimenunua friwili, zile gia za meno za gurudumu la nyuma, yenye duara moja kubwa la milima. Mulinge aliniazima kifaa cha kufungulia, akakaa kando anasema sitaweza, halafu anasema ni bahati. Sasa kwa gia ndogo miguu inazunguka kama mtu anayesaga nyama, lakini unapanda. Pole pole unapanda.

Rangi nyekundu inabambuka. Yale maandishi ya kutisha nimeyakwangua na kisu. Sasa haijaandikwa chochote na ni nzuri zaidi.

Jioni nimekuta pampu ya mguu ya Hillary imeachwa kando ya gurudumu. Ile yake ya pikipiki, ambayo haazimi mtu. Hakusema, sikuuliza. Nimejaza upepo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kesho tunaweka jiwe kwa kaburi la baba, Mghange. Ndugu zangu wote watakuwepo, mchungaji amealikwa. Hillary aliahidi tangu Julai kwamba atanipeleka.

Leo ndiyo amefungua mdomo, baada ya siku hizo zote. Kesho amepata mteja wa Taveta, wa kushinda naye. Mteja mkubwa. "Tutaenda Jumapili. Jiwe halitakimbia."

Nikasema, "Nitaenda na baiskeli."

Akacheka! Si kwa ubaya, kicheko kilimtoka tu. "Mwatate utafika. Ule mlima hutauweza."

"Nisipouweza nitausukuma."

Ningeweza kupanda matatu. Najua. Hata Immaculate aliniambia, usiwe mjinga, panda gari kama watu. Lakini nimefika kwa baba yangu mara ngapi nikiwa nimebebwa, nimewekwa nyuma, nikichelewa, nikiomba radhi kwa niaba ya mtu? Kesho sitaki. Nimefunga gauni kwa mkoba, maji, spana, viraka. Na hili daftari.

Jumamosi, 4 Oktoba

Naandika nikiwa hotelini Wundanyi. Mwandiko ni mbaya, mikono ina malengelenge.

Niliondoka alfajiri. Hillary alikuwa macho, nilijua kwa pumzi yake, lakini hakugeuka. Barabara ya Mwatate nilikuwa peke yangu na mashamba ya mkonge, hewa baridi, cheni inaimba. Mwatate nikanywa chai na mandazi. Nilijiona shujaa!

Halafu mlima. Wacha tu. Ile gia ya kusaga nyama ilinipandisha kona za kwanza, malori yananipita kwa shida karibu kama mimi. Halafu miguu ikakataa. Nikashuka, nikasukuma. Nikapanda, nikashuka. Akina mama waliobeba kabichi wakanipita kwa miguu! Mmoja akaniuliza kwa Kidawida cha kwetu kama hiyo baiskeli imeharibika. Nikasema baiskeli ni nzima, aliyeharibika ni mimi. Tukacheka mpaka nikapata nguvu.

Karibu na juu nikasikia pikipiki nyuma. Naijua hata nikiwa usingizini.

Amemwachia Mzee Francis yule mteja wa Taveta. Hakusema kwa nini. Akasema, "Panda. Hiyo tutaifunga nyuma."

"Sipandi."

Akaniita kwa jina langu, "Wakio. Mchungaji ameshafika. Utachelewa kaburi la baba yako kwa sababu ya kiburi?"

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli ningechelewa. Nikaendelea kusukuma. Akanifuata polepole, halafu akapandisha moto akapotea. Nikafikiri amerudi zake kwa njia nyingine, kama ingekuwepo. Nimemkuta hapa Wundanyi, ameegesha mbele ya hoteli, anaangalia chini.

Kumbe alimpigia mama. Mama amenipigia sasa hivi, akauliza, "Wewe mtoto, uko na baiskeli ama uko na bwana?"

Nikasema, "Niko na vyote, mama. Vimesimama hapa nje."

Halafu akasema mchungaji anakunywa chai, na atamwongezea. Lakini chai nayo ina mwisho.

Hillary ameingia, ameketi meza yangu. Ameona viganja vyangu, ameviangalia muda mrefu. Amesema, "Unanichukia hivi?"

Nimemwambia sikuchukii. Nimechoka tu kuwa mzigo unaoletwa nafasi ikipatikana.

Alizungusha glasi yangu juu ya meza. Halafu akasema kutoka hapa mpaka Mghange barabara ni mbaya, kuna mteremko wa mawe, na breki za baiskeli hizi anazijua. Nikasema hizi huzijui, nimefunga mimi. Akasema basi atakuja nyuma yangu, mwendo wangu.

Nikamwambia, "Njoo. Lakini usipige honi."

Ametoka nje. Amechukua mkoba wangu bila kuuliza – daftari tu ndilo nimebaki nalo – anaufunga kwa pikipiki. Ukungu umeshuka, barabara ya Mghange siioni tena. Amewasha injini. Ameizima. Sasa ameinama, anabonyeza tairi langu la mbele na kidole gumba, kisha la nyuma. Nafunga daftari, natoka nikapande.